Kuitunza Pikipiki Iliyotumika Nyumbani: Funzo la Mwanagenzi wa Parklands

Utangulizi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeifafanua darasani mara nyingi, tukaitolea mifano ya ndoa, ya siasa na ya afya. Mimi nilikuja kuielewa barabara alfajiri moja, nikiwa nimechutama kando ya njia karibu na Museum Hill jijini Nairobi, mbele ya pikipiki ambayo kitovu cha gurudumu lake la nyuma kilikuwa moto kiasi cha kutogusika. Ufa wenyewe nilikuwa nimeutia mimi siku iliyotangulia, kwa spana yangu mwenyewe, nikidhani ninatengeneza.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanagenzi namna ya kuitunza nyumbani pikipiki ndogo iliyokwisha kutumika. Hayaandikwi na fundi. Yanaandikwa na mwanafunzi wa fasihi ambaye hali ilimlazimu kujifunza. Msomaji asitarajie kufunzwa jinsi ya kufungua injini. Atakachokipata ni mambo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyafanya salama, sababu za kuyafanya, na mahali anapopaswa kukoma. Hoja inayoyaunganisha yote ni hii: katika pikipiki hakuna sehemu inayoishi peke yake. Ukigusa moja, kagua jirani yake kabla ya kupanda.

Sababu za kununua pikipiki hiyo mwanafunzi yeyote wa uzamili atazielewa. Kutoka chumba ninachokodi hapa Parklands hadi bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi ni mwendo wa kilomita chache. Hata hivyo, mvua za masika zikinyesha jioni, nauli ya matatu hupanda na magari husimama foleni. Anayetoka maktabani usiku hana hiari ila kulipa anachotajiwa au kutembea gizani. Isitoshe, mdogo wangu wa kike huanza zamu yake ya kazi Westlands kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nami ndiye ninayempeleka. Pikipiki ilikuwa akiba yangu yote. Sikuwa na fedha za kununua nyingine wala za kumlipa fundi kila wiki.

Kuisoma kabla ya kuinunua

Bodaboda zilianza kama baiskeli za kubebea watu na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki zilikuja kuchukua nafasi ya baiskeli hizo baadaye. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki ndogo kutoka India na Uchina zimeenea kila pembe ya Kenya. Kuenea huko kumemletea mnunuzi wa leo faida na hasara. Faida ni kwamba vipuri vinapatikana kwa urahisi, iwe katika maduka ya mtaani au katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Hasara ni kwamba nyingi ya pikipiki zinazouzwa zimekwisha kufanya kazi ya bodaboda, nayo kazi hiyo ni ngumu. Huanza alfajiri, huisha usiku, na mara nyingi hubeba zaidi ya kile ambacho mtengenezaji alikikusudia.

Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kusoma. Asome kwanza namba ya fremu na namba ya injini, kisha azilinganishe na zile zilizomo katika hati ya umiliki. Namba iliyokwaruzwa au iliyogongwa upya ni sababu tosha ya kuondoka. Umiliki uhamishwe rasmi kupitia mfumo wa eCitizen. Asitosheke na ahadi ya muuzaji kwamba mambo yatamalizwa baadaye.

Baada ya hapo asome matairi. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi linaweza kuwa na vijuba virefu vinavyopendeza macho, kumbe mpira wake umezeeka na kuanza kupasuka nyufa nyembamba. Mwisho, atazame meno ya sproketi ya nyuma. Meno yaliyochongoka na kuinama upande mmoja, mithili ya papa, yanaonyesha kwamba cheni na sproketi zote mbili zinahitaji kubadilishwa pamoja. Gharama hiyo iondolewe katika bei.

Yangu niliinunua kwa kijana aliyekuwa ameitumia Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya kuja nayo Nairobi. Habari hiyo niliichukulia kama mazungumzo ya kupitisha wakati. Baadaye, kama nitakavyoeleza, ilikuwa na maana.

Lugha ya karakana

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia karakanani kwa mara ya kwanza hugundua kwamba msamiati wake una mapengo. Niliweza kutenganisha istiari na tashihisi, lakini sikuweza kutenganisha sproketi na beringi. Istilahi za kazi hii zimetoka pande nyingi. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Karakana asili yake ni Kiajemi. Spana, nati, bolti, cheni, klachi na plagi zimetoka katika Kiingereza na kuvikwa irabu za Kiswahili. Katika Kiswahili cha Kongo hiyo plagi huitwa buji, kutokana na Kifaransa. Nayo pikipiki yenyewe inajieleza kwa mlio wake.

Hata hivyo, utajiri mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Nilipompelekea fundi pikipiki yangu mara ya kwanza nilimwambia kwamba inatoa sauti. Mzee huyo, ambaye hufanya kazi chini ya mti kando ya barabara huku Parklands, aliniangalia kwa huruma.

"Sauti gani, kijana wangu? Inalia, inagonga au inakwaruza?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia niiwashe, nisikilize, kisha nimwambie. Hapo nikaanza kujifunza kwamba kila kitenzi kina mahali pake. Cheni kavu hulia. Cheni iliyolegea hugonga mfuniko wake. Viatu vya breki vilivyokwisha hukwaruza. Pikipiki isiyopata petroli vizuri hukohoa. Inayokosa cheche mara kwa mara husemwa inamisi. Yenye pistoni na ringi zilizochakaa inakula oili, nao moshi wake huwa wa rangi ya samawati. Yenye klachi inayoteleza haivuti: injini hupiga kelele lakini mwendo hauongezeki.

Sisi wa fasihi tungeyaita matumizi haya tashihisi. Kwa fundi ni utambuzi wa ugonjwa. Anayeweza kusema kwamba pikipiki inakohoa tu anapoongeza kasi, wala haikohoi ikisimama, ameondoa nusu ya visababishi kabla ya spana kutoka mfukoni. Kwa sababu hiyo namshauri mwanagenzi awe na daftari. Aandike tarehe, kilomita zilizosomeka, alichosikia, na alichofanya. Daftari langu ndilo lililonionyesha kosa langu, kama tutakavyoona.

Zana chache zinazotosha

Si lazima kununua sanduku zima la zana. Spana za milimita 8, 10, 12, 13, 14 na 17, bisibisi ya bapa na ya nyota, koleo, spana ya plagi, kipimo cha upepo wa matairi, beseni la kukingia mafuta, brashi kuukuu ya meno na vitambaa vitatosha kwa kazi nyingi zinazotajwa humu. Nati ya ekseli ya nyuma huwa kubwa zaidi, kwa hiyo mtu aipime kabla ya kununua spana yake. Spana iliyolegea katika nati hula kona zake, na nati iliyoviringika humlazimu mtu kumwita fundi kwa kazi ambayo angeimaliza mwenyewe.

Kuna chombo kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni kiasi. Injini nyingi za aina hii zina maumbo ya alumini, nayo alumini ni laini kuliko bolti ya chuma. Mwanagenzi akikaza kwa nguvu zote huharibu hesi, yaani ule mzunguko wa uzi unaoshika bolti. Kila bolti na kila plagi ianze kuingizwa kwa vidole. Ikikataa kuzunguka kwa vidole, isilazimishwe kwa spana. Itolewe, isafishwe na kuanzwa upya.

Mafuta ya injini

Katika gari la kawaida, mafuta ya injini hayaingii katika klachi. Katika pikipiki nyingi ndogo, injini, gia na klachi huoga katika mafuta yale yale. Jambo hili dogo lina matokeo makubwa. Baadhi ya mafuta ya magari huongezwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Klachi ya pikipiki, kwa upande wake, inaishi kwa msuguano. Ikipakwa mafuta hayo inaweza kuanza kuteleza. Kwa hiyo mnunuzi atafute chupa yenye maandishi JASO MA, ambayo ni alama ya mafuta yanayofaa klachi ya namna hii, na uzito ule uliotajwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Kubadilisha mafuta ni kazi nyepesi. Injini iwashwe kwa dakika chache ili mafuta yapate joto na kutiririka vizuri, kisha izimwe. Pikipiki isimamishwe wima, beseni liwekwe chini, bolti ya kumwagia ifunguliwe, nayo mafuta yaachwe yatoke yote. Bolti irudishwe pamoja na washa yake, na injini ijazwe kiasi kinachotakiwa. Kwa pikipiki za ukubwa wa yangu, kiasi hicho hukaribia lita moja. Baada ya kuiwasha na kuizima, mtu asubiri kidogo kisha apime tena. Mafuta yaliyopita kiasi nayo ni hasara, kwa maana hutafuta njia ya kutokea.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro yetu huishia mitoni, na mito ya Nairobi imekwisha kubeba uchafu wa kutosha. Mimi huyarudisha katika chupa yaliyotokea na kumpelekea fundi, ambaye ana pipa la kuyakusanyia.

Plagi, hewa na mwinuko wa Nairobi

Plagi ni ukurasa unaosomeka. Ikitolewa baada ya safari, ncha yake ikawa na rangi ya kahawia isiyokolea au kijivu, injini inaungua vizuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi wa mafuta, huenda oili inapenya hadi panapoungulia. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata joto kupita kiasi au petroli haitoshi. Plagi isitolewe injini ikiwa moto.

Yangu ilikuwa na masizi meusi makavu. Pikipiki ilikohoa nikiongeza kasi, nayo ilikunywa petroli bila huruma. Hapa ndipo ile habari ya Mombasa iliporejea. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15. Kabureta hupima petroli kwa matundu madogo ya ukubwa maalumu. Haijui kwamba imehamia nyanda za juu. Kwa hiyo huendelea kutoa takriban kiasi kile kile cha petroli huku hewa ikiwa imepungua.

Nilifurahia sana ugunduzi huu, nikaenda kwa Mzee kumwomba abadilishe matundu ya kabureta. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimetazama kichujio cha hewa. Sikuwa nimekitazama. Tulipokitoa, kilikuwa kimeziba vumbi hadi hakipitishi mwanga wa jua. Tulikiosha kwa maji na sabuni kwa kuwa kilikuwa cha sponji, tukakiacha kikauke kabisa, tukakipaka mafuta kidogo na kukikamua. Baada ya siku chache plagi ilikuwa ya kahawia. Mwinuko ulikuwa na mchango wake, lakini mkosaji mkubwa alikuwa vumbi.

Funzo lake ni kwamba mtu aanze na kisababishi rahisi kabla ya kile kinachovutia. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Hukung'utwa taratibu au hubadilishwa. Tena petroli isitumiwe kamwe kuoshea chochote ndani ya nyumba au karibu na moto.

Cheni na breki

Cheni ndiyo sehemu inayomwita mwanagenzi mara nyingi zaidi, kwa kuwa hurefuka kadiri inavyochakaa. Ulegevu wake hupimwa katikati, kwenye upande wa chini, kwa kuisukuma juu na chini kwa kidole. Katika pikipiki nyingi za aina hii mchezo wake huwa kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Gurudumu lizungushwe kwa mkono na kipimo kichukuliwe mahali kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Marekebisho yafuate mahali ilipokaza zaidi. Kazi yote hii, pamoja na kuisafisha na kuipaka mafuta, ifanywe injini ikiwa imezimwa. Anayesafisha cheni inayozungushwa na injini anaweka vidole vyake rehani.

Ili kuikaza, nati ya ekseli hulegezwa, kisha viti vya kurekebishia vilivyo pande mbili hukazwa kwa kiasi sawa ili gurudumu lirudi nyuma likiwa limenyooka. Alama zilizochongwa kila upande husaidia. Hatimaye nati ya ekseli hukazwa barabara na pini yake hurudishwa.

Hayo yote niliyafanya Jumapili moja alasiri, nikayaandika katika daftari na kujipongeza. Jumatatu alfajiri nilimchukua mdogo wangu hadi Westlands. Pikipiki ilikuwa nzito. Nilidhani ni baridi. Nilipomshusha, niliteremka kuelekea Museum Hill ili niwahi maktaba. Nilipokanyaga breki ya nyuma, mguu ulishuka bila jibu la maana, na harufu ya kuungua ikanifikia puani. Nilitumia breki ya mbele kwa uangalifu, nikapunguza gia moja baada ya nyingine, nikasimama kando. Lau breki ingalidhoofika dakika kumi mapema, mdogo wangu angalikuwa bado ameketi nyuma yangu.

Nilingoja gurudumu lipoe, nikalegeza nati ya fimbo ya breki, nikarudi polepole hadi kwa Mzee.

"Uligusa nini jana?" aliniuliza.

"Cheni tu, Mzee."

"Hakuna cheni tu. Ukilivuta gurudumu nyuma, breki nayo umeivuta."

Maelezo yake ni haya. Breki ya nyuma ya pikipiki yangu ni ya dramu. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna viatu viwili vilivyopinda. Dereva akikanyaga, fimbo inayotoka kwenye kanyagio huvuta mkono mdogo ulio kwenye kitovu, navyo viatu hutanuka na kujibana kwenye ukuta wa dramu. Urefu wa fimbo haubadiliki wenyewe. Gurudumu linaposogezwa nyuma, mkono huo huenda nalo huku kanyagio likibaki palepale. Basi ni kana kwamba mtu amelikanyaga kidogo na kuliacha hivyo. Viatu hubaki vikigusa dramu safari nzima. Msuguano huzaa joto, na joto likizidi, breki hupoteza nguvu ya kushika. Ndiyo maana pikipiki ilikuwa nzito, na ndiyo maana breki ilininyima ilipohitajika.

Alipofungua dramu, viatu vilikuwa vimeng'aa kama kioo. Nililipia vipya. Kisha akanionyesha jambo ambalo lingenichukua dakika mbili Jumapili ile. Baada ya kukaza cheni, rekebisha nati ya fimbo ya breki hadi kanyagio liwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika. Inua gurudumu kwa stendi ya kati, ulizungushe kwa mkono. Lizunguke huru. Kanyaga, lisimame. Achia, lizunguke tena. Tazama pia kama taa ya breki inawaka kwa wakati wake, kwa kuwa swichi yake inafuata kanyagio. Halafu uende mwendo mfupi mahali pasipo na magari, ujaribu breki zote mbili kabla ya kumpakia mtu.

Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Baadhi ya viatu vya breki, hasa vya zamani au visivyojulikana vilikotoka, huwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Tangu siku hiyo sipandi kabla ya kufanya ukaguzi unaochukua muda usiozidi ule wa kuchemsha chai. Nautaja kwa mpangilio ninaoufuata, kutoka mbele kwenda nyuma, ili kitu kisisahaulike.

Kwanza, tairi la mbele: upepo, msumari au mkato. Pili, breki ya mbele: ibanwe na pikipiki isukumwe. Tatu, usukani: ugeuzwe kulia na kushoto, uzunguke bila kukwama wala kuvuta waya wowote. Nne, klachi: wenzo wake uwe na mchezo wa milimita chache, wala usiwe umekaza kabisa. Tano, waya wa kuongezea mwendo: ukiachiwa urudi wenyewe. Sita, mafuta ya injini: yatazamwe kwenye kidirisha au kijiti cha kupimia, na chini ya injini patazamwe kama pana tone. Saba, cheni: ulegevu na ukavu. Nane, tairi na breki ya nyuma. Tisa, taa zote na honi.

Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, kwa maana safari huyapasha joto na kukifanya kipimo kidanganye. Betri nayo isisahaulike. Vichwa vyake visafishwe vikiota ukungu mweupe, na wakati wa kuitoa, waya wa hasi uanze kufunguliwa. Wakati wa kuirudisha, huo huo uwe wa mwisho.

Mipaka ya mwanagenzi

Kujua kukoma ni sehemu ya ujuzi. Kwa maoni yangu, mwanagenzi asifungue injini, asiguse tapeti bila kuonyeshwa na mtu anayejua, asinyooshe rimu wala kukaza spoki kwa kukisia, na asiunganishe nyaya za umeme kwa gundi ya karatasi na matumaini. Kelele mpya ya kugonga kutoka ndani ya injini, gurudumu linalotikisika upande, au usukani unaovuta njia moja ni mambo ya kumpelekea fundi siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoona kwamba kujifunza nyumbani ni kumnyima fundi riziki. Mimi sikuona hivyo. Kabla ya kujifunza, nilimwendea Mzee nikiwa na hofu na neno moja, yaani sauti. Sasa namwendea nikiwa na daftari, dalili na swali. Kazi ninazomletea zimepungua, lakini zile zinazofika ni kazi za fundi kweli, nami nalipa bila kunung'unika kwa sababu naelewa ninacholipia. Yeye naye ameanza kuniuliza maneno. Juzi alitaka kujua kama parafujo na bisibisi ni kitu kimoja. Nilimweleza kwamba moja ndiyo inayozungushwa na nyingine ndiyo inayozungusha. Alicheka, akasema kwamba hata chuoni kuna mafundi.

Hitimisho

Tumeona kwamba anayetaka kuitunza pikipiki iliyotumika hahitaji fedha nyingi wala karakana kubwa. Anahitaji kusoma kilichoandikwa kwenye namba, kwenye tairi na kwenye ncha ya plagi. Anahitaji kusikiliza na kukipa jina anachokisikia. Anahitaji kuanza na kisababishi rahisi. Zaidi ya yote, akumbuke kwamba sehemu zimeshikamana, na kwamba kazi haijaisha nati inapokazwa. Huisha pale jirani wa kile kilichoguswa anapokuwa amekaguliwa.

Katika daftari langu, chini ya maneno "Nimekaza cheni" ya Jumapili ile, niliongeza baadaye mstari mmoja: "Sikukagua breki." Siku hizi kila ninapoandika nilichofanya, huacha nafasi chini yake na kujiuliza ni nini ambacho sijakikagua. Mdogo wangu hajui habari za fimbo ya breki. Yeye hufunga kofia yake ya chuma, hushika mabega yangu, na kuniuliza kama tuko tayari. Nami huwa nimekwisha kulizungusha gurudumu.